Washa Picha, Mama Anatazama

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SINDANO: Ungeijua usingepokea. Shikamoo, kaka.

KAKA: Sindano? Ah! Mara— marahaba, mdogo wangu. Umebadilisha laini tena?

SINDANO: Laini mpya, simu mpya, na kifurushi cha kasi, kile cha wenye nazo. Nimekupigia kwa picha na wewe umepokea kwa giza. Washa picha.

KAKA: Subiri kidogo, hapa nilipo mtandao—

SINDANO: Mtandao umefanya nini?

KAKA: Unakatakata. Niko safarini, huku ni pori tupu, mnara uko mbali. Nakusikia kama uko ndani ya debe.

SINDANO: Mimi nakusikia kama umekaa hapa kwenye cherehani. Hata unavyomeza mate nasikia.

KAKA: Basi ni upande wangu.

SINDANO: Na hiyo inayonguruma nyuma yako? Hilo si lori. Umeendesha malori tangu sijaota meno ya utu uzima, nayajua kwa sauti. Hiyo ni mashine ya kujaza upepo.

KAKA: Nimesimama kwa fundi wa matairi. Tairi moja lime—

SINDANO: Pori tupu lina fundi wa matairi?

KAKA: Mafundi wako kila mahali siku hizi. Mama hajambo?

SINDANO: Washa picha umuulize mwenyewe.

KAKA: Sindano, bwana...

SINDANO: Mama amekataa kula.

KAKA: Tangu lini?

SINDANO: Tangu Jumapili. Chai anaigusa, anairudisha. Anasema umekufa.

KAKA: Nimekufa? Nani kamwambia?

SINDANO: Nani amwambie? Mtu asiyesikia huwa haambiwi, huwa anaona. Na wewe amekuona lini mara ya mwisho? Kila siku naweka simu sikioni, nacheka, halafu namwambia kwa mikono, "Kaka anakusalimu." Yeye anaona nini? Anaona mimi nacheka na kipande cha plastiki.

KAKA: Lakini nilituma picha.

SINDANO: Ile ya shati la buluu?

KAKA: Ndiyo, ile.

SINDANO: Shati la buluu liko huku, kaka. Liko kwenye begi uliloacha. Mama alilitoa, akalitandaza kando ya simu, akanitazama. Wewe ungejibu nini?

(Mtandao unakwaruza.)

KAKA: ...mwambie tu kwamba—

SINDANO: Nimemwambia mpaka vidole vimeniuma! Anasema nimekuzika kimyakimya. Anasema maisha yake yote watu wamemficha mambo kwa sababu hasikii, lakini hakujua kama na mwanawe wa kumzaa angemfanyia hivyo. Halafu akanizaba kofi. Mtu mzima mimi, mbele ya mteja aliyekuja kupimwa gauni.

KAKA: Pole, mdogo wangu.

SINDANO: Pole yako haionekani. Jana amefua nguo zako zote, amezikunja, ameita majirani waje wagawane. Nimewarudisha mlangoni. Leo nitawarudisha, kesho nitakuwa nimekwenda sokoni kununua nyuzi.

KAKA: Yote haya ni makampuni haya ya simu. Yanakula pesa za watu, ukitaka huduma—

SINDANO: Ndivyo nilivyoamini! Nimewatukana hao watu mpaka matusi yakaniishia. Nilianza na laini ya bei rahisi. Ukasema picha inaganda, nikahamia ya bei mbaya. Ukasema bado inaganda, nikanunua kifurushi cha kasi. Ukasema labda ni simu yangu, ya kizamani. Nikauza cherehani ya darizi.

KAKA: Umeuza nini?

SINDANO: Ya darizi.

KAKA: Sindano! Si ndiyo iliyokuwa inakulisha?

SINDANO: Ilikuwa. Hao wa simu wana tangazo kubwa hapa barabarani, mwanamke na mtoto wanachekeana kwenye simu, limeandikwa, "Kama mmekaa chumba kimoja." Nikasema basi hicho ndicho ninachokinunua, chumba kimoja. Sikutaka sinema. Nilitaka vidole vya mtu vionekane, basi. Wewe na mimi picha ikiharibika tunabaki na sauti. Mama picha ikiharibika anabaki na nini?

KAKA: Najua.

SINDANO: Hujui. Juzi nilikwenda dukani kwao kugombana. Nikagonga meza. Binti wa pale akaniuliza yale maswali wanayomuuliza kila mtu: mteja, uko tayari kuongeza kiasi gani ili upate huduma bora zaidi? Nikamwambia, mwanangu, nitajie wewe bei ya kumwona kaka yangu, nitakwenda kuitafuta. Akanionea huruma. Akachukua simu yangu akampigia mwenzake wa mji mwingine. Picha safi! Hata chunusi za yule kijana nilizihesabu.

KAKA: Wao wana mtandao wao wa ofisini...

SINDANO: Halafu akaniambia nikupigie wewe. Ukapokea, unakumbuka? Ukasema, "Inaganda, Sindano, inaganda." Binti akanionyesha pembeni kuna alama, kamera imepigwa mstari. Akanong'ona, kama anayempa mtu habari za mumewe, "Dada, mtandao hauna kosa. Mwenzako anaizima kamera mwenyewe."

(Mashine ya upepo inanguruma, inazimika.)

KAKA: Watoto wa siku hizi wanasema tu ili—

SINDANO: Kaka.

KAKA: —wakutoe pale dukani, wana—

SINDANO: Kaka. Umefungwa? Uko gerezani?

KAKA: Hapana!

SINDANO: Una mke huko na watoto, unaona haya? Lete vipimo vyao, nitawashonea.

KAKA: (anacheka kidogo) Laiti.

SINDANO: Unaumwa? Sura imeharibika? Mficha maradhi, kaka—

KAKA: Usinimalizie methali. Sura yangu haina neno.

SINDANO: Basi nini?

KAKA: Mama yuko wapi hapo?

SINDANO: Kwenye kiti cha wateja. Nimempa mgongo asinisome midomo.

KAKA: Usigeuke.

SINDANO: Sigeuki.

KAKA: Nilikuwa nafunga tela kwenye lori. Mwenzangu yuko kwenye usukani, mimi niko chini, katikati. Akarudi nyuma kabla sijampa ishara.

SINDANO: Akakugonga?

KAKA: Hapana. Nilikuwa bado nimeshika.

SINDANO: Umeshika nini? Kaka. Kwa mkono gani?

KAKA: Wa kulia.

SINDANO: Ukavunjika.

(Kimya.)

SINDANO: Sema ulivunjika, kaka.

KAKA: Waliukata. Hapa.

SINDANO: Hapa wapi? Sikuoni!

KAKA: Juu ya kifundo. Kiganja chote, Sindano. Hakuna kitu.

(Pumzi nzito.)

KAKA: Usilie. Anakuona mabega.

SINDANO: Sili— silii. Nakohoa. Ngoja. Nakohoa tu.

KAKA: Inama, jifanye unaokota sindano.

SINDANO: Nimeinama. Kwa nini hukusema? Mimi tu, ungeniambia mimi!

KAKA: Wewe ningekuambia kwa mdomo. Mama ningemwambia kwa mkono upi? Jina langu lenyewe la ishara alilonipa ni mikono miwili imeshika usukani, kwa sababu ya ile michezo yangu ya utotoni na vifuniko vya sufuria. Sasa nikijiita, najiitaje? Nimejaribu mbele ya kioo. Neno la kwanza linatoka, la pili linageuka upuuzi, la tatu silijui. Ni kama mtu amekatwa nusu ya ulimi, halafu mnataka ampigie mama yake simu.

SINDANO: Ungekuja nyumbani.

KAKA: Nilisema nifanye mazoezi kwanza. Mkono wa kushoto uzoee, niweze angalau sentensi nzima, ndipo niwashe. Kila wiki nikasema wiki ijayo.

SINDANO: Na kila wiki mimi nikanunua bando.

KAKA: Sikujua kuhusu cherehani. Haki ya Mungu sikujua.

SINDANO: Na kazi?

KAKA: Nani ampe lori mtu wa mkono mmoja? Mwenye gari alilipa hospitali ile siku ya kwanza. Baada ya hapo hapokei simu. Labda naye mtandao wake unakatakata.

SINDANO: Unalala wapi?

KAKA: Hapa hapa kwa fundi wa matairi, ni rafiki yangu wa zamani. Chumba cha nyuma. Nakalia matairi, naegemea matairi, harufu yangu ni tairi.

SINDANO: Kaka.

KAKA: Nini?

SINDANO: Amesimama. Ameniona usoni.

KAKA: Kata simu!

SINDANO: Sikati.

KAKA: Nakuomba, Sindano. Akiona hivi atakufa.

SINDANO: Na sasa hivi anafanya nini? Anakula? Analala? Chagua wewe: mwana asiye na mkono, au mwana aliye kaburini. Huyo wa pili ndiye aliye naye sasa.

KAKA: Nisikilize, mi—

(Mtandao unakwaruza, sauti inapotea.)

SINDANO: Kaka? Kaka! Usinikatie, wallahi nitaku—

KAKA: Nipo, nipo. Huo ulikuwa mtandao kweli.

SINDANO: Nikuamini leo?

KAKA: Mwambie kwanza. Mtayarishe kabla hajaona.

SINDANO: Simwambii. Nimekuwa mikono yako muda wote huu, nikamdanganya bila kujua kama namdanganya. Hili ni lako.

KAKA: Na simu nishikeje? Nikiishika sina mkono wa kusemea.

SINDANO: Si umesema umejaa matairi humo? Iegemeze.

KAKA: Ngoja. Inateleza. Ngoja, niweke na hiki kitambaa... Haya. Imesimama.

SINDANO: Mpe uso kwanza, uso tu, karibu. Nikikuambia ndipo urudi nyuma.

KAKA: Nabonyeza. Nimebonyeza.

SINDANO: Ee Mungu wangu. Kaka, umekonda! Una mvi kidevuni.

KAKA: Yuko wapi? Naona vitambaa tu.

SINDANO: Nampa. Shika, mama, shika... Haya. Huyo.

KAKA: Mbona hasogei? Picha imeganda?

SINDANO: Haijaganda. Ni yeye.

KAKA: Anagusa kioo.

SINDANO: Anadhani ni ile picha ya shati. Fanya kitu. Tikisa kichwa, kodoa macho, aone unapumua.

KAKA: Natikisa. Anaona? Mama... Sindano, midomo inamtetemeka.

SINDANO: Ameona. Anakuita, unaona? Anakuita jina lako. Anaita tena. Mjibu.

KAKA: Siwezi.

SINDANO: Rudi nyuma, kaka. Taratibu.

KAKA: Siwezi, Sindano.

SINDANO: Anaita mara ya tatu.

KAKA: ...Haya. Narudi. Narudi nyuma.

(Sauti ya mwanamke mzee, ndefu, isiyo na maneno.)

KAKA: Mshike! Sindano, mshike!

SINDANO: Nimemshika. Mama, kaa, kaa chini. Nimemshika!

KAKA: Nilikuambia! Nilikuambia mimi—

SINDANO: Nyamaza kwanza!

KAKA: Anafanya nini? Mbona amejikunja? Ameumia mkono?

SINDANO: Hajaumia. Ngoja nimwangalie... Ameuficha.

KAKA: Ameuficha nini?

SINDANO: Mkono wake wa kulia. Ameuweka nyuma ya mgongo, ameukalia. Anasema na wewe kwa huo mmoja.

KAKA: Anasema nini? Sijamwelewa.

SINDANO: Hata mimi sijamwelewa.

KAKA: Mwambie atumie yote miwili. Yeye anayo, mimi namwona vizuri tu.

SINDANO: Nimemwambia. Amenipiga bega. Anarudia, mwangalie.

KAKA: "Kula"? Anasema kula?

SINDANO: "Kula" au "njoo." Kwa mkono mmoja sioni tofauti yake.

KAKA: Mwulize ni lipi.

SINDANO: Mwulize wewe, anakutazama wewe! Na uharakishe, simu inanipigia kelele, bando linaisha. Hiyo picha safi imelimeza lote.

KAKA: Hivi? Nikiweka hivi anaona?

SINDANO: Juu kidogo. Toka kwenye kivuli.

KAKA: Anatikisa kichwa. Hajaelewa.

SINDANO: Hajaelewa. Rudia.

KAKA: Hivi?

SINDANO: Bado. Kaka, sikiliza, sina muda. Kama ni kula, ule. Kama ni njoo, uje. Sinunui bando jingine. Kitakachopatikana ni nauli yako.

KAKA: Na kazi nitafanya nini huko, Sindano? Nitakuwa mzigo wa—

SINDANO: Si sasa! Anakungoja, inua mkono, mjibu, haraka, kabla haija—

(Laini imekatika.)