Zamu ya Kuwa Mgeni

"Leo silali tena kando ya bwawa lisilo na maji kujifanya mgeni!" mpishi alimfokea mtunza bustani, kwenye kiti cha basi mbele yangu. "Juzi nimetoka kuota jua, nikampelekea mteja supu. Akaniuliza kama nina pacha."

"Dada yangu, hoteli ni sisi wawili na meneja. Yule mteja alikula peke yake kwenye ukumbi wa watu mia mbili, asubuhi akahama. Na huyu wa leo akihama, geti linafungwa."

"Basi lala wewe!"

"Nani ataamini mgeni mwenye magaga haya?"

Huyo wa leo nilikuwa mimi. Nililipia chumba mwezi mzima kabla ya safari, nikihofia vyumba vitajaa, na majirani wote nikawatangazia. Ningerudi na basi lilelile, lakini ningewaambia nini?

Basi liliposimama hotelini, nilivua kofia yangu mpya ya ufukweni, nikamvisha mtunza bustani.

"Leo zamu yako, kaka. Magaga utayafunika kwa taulo. Mpishi aende jikoni, mgeni ana njaa."