Maziwa au Ganda la Yai

Aliyenisimulia kwanza ni wifi yangu, ambaye huuza kahawa pale kijiweni, kando ya duka la kinyozi. Alasiri ile mume wangu alifika na vipande viwili vya mbao, kimoja kimepakwa rangi ya maziwa, kingine rangi ya ganda la yai. Fundi alikuwa aje kesho yake kupaka chumba chetu, ninamoshinda na mtoto kutwa nzima. Akaziegemeza mbao kwenye benchi, akawaomba wenzake wamsaidie kuchagua. Gundi, anayeitwa hivyo kwa sababu akikaa habanduki, ndiye aliyeanza.

Gundi: Mbona zote ni moja? Umeuziwa rangi moja mara mbili!

Kinyozi: Macho yako yana ukungu. Hii ya yai ina joto. Ukikaa humo saa moja, unaanguliwa.

Gundi: Mtoto atatoka na manyoya! Na ya maziwa je?

Kinyozi: Paka wote wa mtaa watakuja kulamba ukuta.

Mume wangu: Jamani, nimeleta shida, nyie mnaleta mizaha.

Gundi: Kwani shemeji kasemaje?

Mume wangu: Kasema yoyote.

Benchi zima likaguna.

Kinyozi: Umekwisha, ndugu yangu! Yoyote ya mke ni ile ambayo hutaichagua.

Gundi: Wapi! Maana yake hataki rangi, anataka kuhama.

Mume wangu: Kuhama?

Kinyozi: Huyo keshafungasha!

Wifi anasema hapo kaka yake aliweka kikombe chini, uso umemshuka. Dada mmoja mgeni, aliyesimama kunywa kahawa, akauliza:

— Samahani, kaka. Aliposema yoyote, alikuwa akitazama ubao upi?

Mume wangu akajibu polepole kwamba yeye wakati huo alikuwa akitafuta soksi.

Nilikuwa nikiutazama ule wa maziwa. Dirisha letu ni moja, dogo, na ubao ule ulipokuwa karibu na kitanda niliuona uso wa mwanangu vizuri bila kuwasha taa. Niliona haya tu kusema.

Asubuhi fundi alipobisha hodi, nilimtangulia mume wangu mlangoni.

— Rangi ya maziwa.

— Umesemaje, mama?

Nikarudia, safari hii kwa sauti.