Kombo na Amana ya Mama

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Assalaam alaykum, ndugu waombolezaji, mimi ni Mikdad, kaka yake marehemu, elimu yangu ni darasa la saba, mnivumilie nikikwama.

Ndugu yetu Kombo Maulidi alizaliwa hapa Zinga tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa Mzee Maulidi na Bi Arafa, akasoma msingi hapa hapa, sekondari Bagamoyo mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, na tangu 1997 alikuwa mwalimu wa historia. Tarehe 5 Juni 1999 alimuoa Bi Adila, Mungu akawajaalia Habiba na Ausi.

Mwaka 2019 alitoa riwaya ya Bagamoyo ya zamani, na hapa sifichi, maana mmeisoma. Mama alimpa amana, kwamba bibi yake yeye mama, Bi Mwaija, aliletwa pwani akiwa mtumwa wa kununuliwa, akamwapisha asiitoe. Kombo akaiandika, kwa jina lake kamili, akaizungushia hadithi nyingine mbili, sura moja Bi Mwaija anakuja kwa ngoma, bibi harusi kutoka Ubena, nyingine anakimbia njaa, ya tatu amefungwa kamba ya watumwa, na mwandishi mwenyewe anaingia kitabuni kumuuliza ipi ya kweli, na chini ya kurasa ametaja mashahidi ambao hawakuzaliwa. Siku ya uzinduzi nilipiga makofi sijafungua hata ukurasa, Mungu anisamehe.

Mama aliposomewa alisema, "Nilikupa moja, mwanangu, hizi mbili umezitoa wapi?" Kombo akajibu riwaya za siku hizi ndivyo zilivyo, msomaji achague mwenyewe. Mama akasema, "Basi wameshachagua, leo sokoni nimeitwa mjukuu wa kamba." Tangu hapo Kombo alikuja kila Ijumaa, akasimama mlangoni akaamkia shikamoo mama, asiitikiwe.

Novemba 2023 alianza kuugua figo, akafariki jana, Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Zinga na Dunda, na walimu wenzake.

Mwenye dai kwa marehemu aje kwangu, mimi langu nimemwachia, ingawa linauma bado, kwa sababu nilimwamini. La mama siwezi kumwachilia mimi. Mama, mwanao tumeshamvika sanda, hana tena la kuongeza wala la kugeuza, tunakuomba radhi yako.

Mola akutulize, Kombo, hatukunyanyui mpaka mama aseme.