Pasipoti ya Ningning Iko kwa Bwana Wenchang

Bi Kuimei: Haloo, haloo! Nani mwenzangu?

Wanjung: Mama, ni mimi.

Bi Kuimei: Mimi nani? Sema kwa nguvu, huku wanapiga ngoma.

Wanjung: Wanjung! Mwanao! Jina langu si linatokea hapo kwenye kioo cha simu?

Bi Kuimei: Linatokea, ila sijavaa miwani. Hujambo mwanangu? Mmekula?

Wanjung: Shikamoo mama. Hatujala. Sikiliza, nina haraka mpaka nahisi kizunguzungu. Pasipoti ya Ningning umeiona?

Bi Kuimei: Marahaba. Mbona hamjala? Mtoto anaingia kwenye usaili na njaa? Nilikuwa nimeacha uji wa samaki kwenye—

Wanjung: Mama! Pasipoti!

Bi Kuimei: Usinipigie kelele, watu wanasali hapa.

Wanjung: Wanasali? Uko wapi?

Bi Kuimei: [Mikwaruzo ya mtandao] ...wa Wenchang.

Wanjung: Unakatika. Uko wapi?

Bi Kuimei: Hekaluni! Kwa Bwana Wenchang, mungu wa mitihani. Siku ya usaili wa mjukuu wangu ulitaka niwe wapi, saluni?

Wanjung: Sawa, vizuri, asante. Ila mimi niko hapa hotelini, nimekaa kwenye kiti cha dhahabu kisichokalika, walimu kutoka Taipei wako ndani, zamu yetu ni saa nane. Nafungua bahasha nitoe pasipoti, nakuta jani la seleri.

Bi Kuimei: Hilo la kumpa mtoto bidii. Usilitupe.

Wanjung: Kumbe ni wewe!

Bi Kuimei: Ulitaka awe nani? Panya hawaweki seleri kwenye bahasha.

Wanjung: Mama. Taratibu. Kama mtu anayeongea na polisi. Pasipoti iko wapi?

Bi Kuimei: Nimeileta ibarikiwe.

Wanjung: Umeipeleka... pasipoti yenyewe? Si kopi?

Bi Kuimei: Ningeleta kopi nionekane wa ajabu? Njoo uone meza ilivyojaa. Vitunguu majani vya akili, figili za bahati, na kila mtu kaweka kopi ya karatasi ya mtihani ya mtoto wake. Kopi, kopi, kopi. Mungu mzima anapewa kopi kama karani! Nikasema wangu aone kitu chenyewe.

Wanjung: Kila mtu anaweka kopi kwa sababu kitu chenyewe kinatakiwa KWENYE MTIHANI!

Bi Kuimei: Umemaliza?

Wanjung: Sijamaliza. Nimepanda treni kwenda na kurudi Taipei mara mbili kwa ajili ya hicho kitabu. Nimeomba ruhusa kazini mpaka bosi ameanza kuniita mgeni. Picha ya kwanza wakaikataa, Ningning kacheka. Ya pili wakaikataa, nywele zimefunika nyusi. Ya tatu ikapita kwa sababu alinuna kama mkaguzi wa kodi. Yule dada wa dirishani nilimwambia mwanangu ana usaili Ijumaa, pasipoti yake ya zamani imeisha tangu yuko kwenye nepi, nikalia machozi ya kweli, mama, kamasi zikatoka, ndo wakanifanyia haraka. Jana usiku nimelala nayo chini ya mto. Leo asubuhi ninaoga kidogo tu—

Bi Kuimei: Huwa huogi kidogo. Nilipata muda wa kutosha.

Wanjung: [Anacheka bila kupenda] Usinichekeshe, nimekasirika.

Bi Kuimei: Na hao walimu wanaitakia nini? Mtoto si wanamwona? Ana macho, ana masikio.

Wanjung: Ni shule ya wageni, mama, nimekwambia. Hawachukui mtoto asiye na uraia wa nje, sheria haiwaruhusu. Bila pasipoti ya Kanada, Ningning ni mtoto wa Tainan kama wengine.

Bi Kuimei: Kwani si mtoto wa Tainan?

Wanjung: Amezaliwa Toronto.

Bi Kuimei: Amezaliwa Toronto kwa sababu mumeo alikuwa na masomo yasiyoisha. Kutambaa kajifunzia kwenye sakafu yangu.

Wanjung: Najua.

Bi Kuimei: Na jino la kwanza kang'atia kidole changu.

Wanjung: Najua, mama. Ila sakafu haina muhuri. Hebu ichukue hapo mezani, panda skuta yako uje. Dakika kumi umefika. Wakisema hatuna, nafasi anapewa mwingine, na walimu wanaondoka jioni hii hii. Hawarudi tena mwaka huu.

Bi Kuimei: Siwezi kuichukua hivi hivi.

Wanjung: Kwa nini?

Bi Kuimei: Lazima nimwombe ruhusa. Umempa mungu kitu akitazame, halafu umnyang'anye kama soksi za mumeo Chihwei?

Wanjung: Basi mwombe! Rusha vile vibao vya kumwuliza mungu!

Bi Kuimei: Tangu asubuhi narusha.

Wanjung: Na?

Bi Kuimei: Ananicheka.

Wanjung: Vinalalaje?

Bi Kuimei: Chali. Vyote viwili, chali.

Wanjung: Hata mara moja hajakubali, kimoja chali kimoja kifudifudi?

Bi Kuimei: Ningekuwa bado nimepiga magoti hapa? Magoti yenyewe ya kuazima.

Wanjung: Labda hukumweleza vizuri. Ulimpa jina lake?

Bi Kuimei: Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, kila kitu. Yale maandishi ni ya Kizungu, nikamfungulia ukurasa wa picha, nikamwambia, huyu aliyenuna ni Ningning, kwa kawaida hanuni.

Wanjung: Anwani gani ulimpa?

Bi Kuimei: Ya hapa. Ya huko Taipei mnakohamia siijui.

Wanjung: Haya. Rusha tena nisikie.

Bi Kuimei: Ngoja niweke simu chini. [Vibao vinagonga sakafu] Umesikia?

Wanjung: Nimesikia. Vimelalaje?

Bi Kuimei: Anacheka.

Wanjung: Mwambie tuna haraka!

Bi Kuimei: Mwambie wewe. Mimi amenizoea.

Wanjung: Haya, weka spika.

Bi Kuimei: Spika ndo ipi? Hii? Hii imezima taa. Hii... eeh. Sema.

Wanjung: Bwana Wenchang, shikamoo. Samahani nakupigia simu. Mimi ni Tan Wanjung, tunakaa kwenye kile kichochoro nyuma ya muuza uji wa samaki, mtihani wa chuo ulinipitisha na sikurudi kukushukuru, nisamehe, nitakuletea figili kubwa. Mwanangu ana usaili saa nane. Tunaomba pasipoti. Hapa kuna mama mmoja mwenye mkoba mweupe ananishangaa, sijali. Tunaomba sana.

Bi Kuimei: Umeomba vizuri. Sasa narusha. [Vibao vinagonga sakafu. Kimoja kinabingirika]

Wanjung: Vipi?

Bi Kuimei: Kimoja kimeingia chini ya meza.

Wanjung: Kimelalaje?

Bi Kuimei: Subiri niiname... Chali. Na mwenzie chali.

Wanjung: Mama, usinizingue.

Bi Kuimei: Mimi nakuzingua? Mlaumu mwenye ndevu hapa juu.

Wanjung: [Mbali na simu] Ningning, usilambe kioo! Shuka hapo! [Karibu] Mama, nasikia wanaita jina la mtu. Bado kama wawili kabla yetu. Nakuomba, ichukue tu, makosa yote nitabeba mimi. Akinilaani, basi mimi. Nimeshazoea kulaaniwa na bosi.

Bi Kuimei: Usiseme hivyo hekaluni, we mtoto.

Sauti ya mzee, nyuma ya Bi Kuimei: Dada Kuimei, bado tu unarusha? Si umeshakitia kile kitabu kwenye mkoba tangu asubuhi?

Wanjung: Huyo nani?

Bi Kuimei: Hakuna.

Wanjung: Amesema nini?

Bi Kuimei: Mzee Khoo, anayefagia majivu ya ubani. Ana umri mkubwa, anasema ovyo.

Sauti ya mzee: Nasikia vizuri, sema tu!

Wanjung: Amesema kitabu kiko kwenye mkoba.

Bi Kuimei: [Ngoma zinasikika]

Wanjung: Mama?

Bi Kuimei: Mtandao unasumbua.

Wanjung: Mtandao hausumbui, nakusikia unapumua. Pasipoti iko kwenye mkoba?

Bi Kuimei: Iko. Ina majivu kidogo, nimeyafuta na mkono wa shati.

Wanjung: Alikupa ruhusa lini?

Bi Kuimei: Mara ya kwanza tu. Hata sikuwa nimemaliza kusema.

Wanjung: Yaani tangu asubuhi unayo. Basi hivyo vibao vyote hivyo, na mimi nimemwaga maombi kwenye spika mbele za watu... ulikuwa unarushia nini?

Bi Kuimei: Wewe uliomba lako. Mimi nikarushia langu.

Wanjung: Lako lipi?

Bi Kuimei: La kipuuzi.

Wanjung: Mama.

Bi Kuimei: Namwuliza kama mtoto abaki.

Wanjung: Abaki Tainan?

Bi Kuimei: Sasa umejua. Na umesikia mwenyewe anavyonijibu. Anacheka tu. Nimebadilisha maneno, nikasema hata mwaka mmoja tu, amalize shule ya chekechea hapa. Akacheka. Nikasema hata awe anakuja likizo zote, si baadhi. Hapo nadhani alicheka mpaka akapoteza kibao. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, Bwana Wenchang yuko upande wako. Ningning atapita. Ngoja nivae viatu.

Wanjung: Kwa nini hukuniambia?

Bi Kuimei: Nikwambie nini? Mtu mzima nizuie mtoto asisome? Naona haya. Ndo maana nikamwendea mungu, yeye hapeleki maneno. Mpeleka maneno ni Mzee Khoo.

Sauti ya mzee: Safari njema, dada!

Bi Kuimei: Nyamaza huko! [Hatua, kelele za barabarani] Ngoja niweke simu kwenye helmeti. Unanisikia?

Wanjung: Nakusikia. Endesha pole pole.

Bi Kuimei: Pole pole na uharaka wote huu? Amua moja. [Skuta inawaka] Haya, nimeanza. Sikufanya kwa ubaya, Wanjung. Nisingekuangusha. Ningekuja tu, hata kama asingeacha kucheka.

Wanjung: Najua ungekuja.

Bi Kuimei: Ni vile nimezoea kelele. Asubuhi yule mtoto ananivuta soksi, ananiuliza leo kuna nini cha kula, sijafungua hata jicho. Nikawaza, Septemba hii nitavutwa soksi na nani? Naogopa, mwanangu. Nasema kweli. Nyumba ikinyamaza naogopa.

Wanjung: Mama, basi rudi ndani umwulize swali lingine. Mwulize kama na wewe uhamie Taipei.

Bi Kuimei: [Honi] Pita basi, barabara ya babako? ...Unasema?

Wanjung: Nasema mwulize kama na wewe uje tukae wote.

Bi Kuimei: Hilo si la kumwuliza yeye.

Wanjung: Kwa nini?

Bi Kuimei: [Skuta inasimama, mlio wa injini unashuka] Hilo nilikuwa nangoja niulizwe mimi.

Wanjung: Tangu lini?

Bi Kuimei: Tangu mwaka mpya wewe na Chihwei mnapanga. Kabati linakwenda, kitanda hakitoshi mlangoni. Friji mmeijadili siku tatu, iende au ibaki. Mimi nakata matunda hapo hapo, nawawekea mezani, nasikiliza zamu yangu itafika lini.

Wanjung: Mama, sisi tulidhani hutaki. Tulidhani huwezi kuacha mashoga zako wa kucheza mahjong, na kaburi la baba, na kile kibanda cha uji... Chihwei alisema tusikulazimishe. Mimi nikasema tusikuudhi. Ndivyo tulivyosema, wallahi, tukaogopa kukuuliza.

Bi Kuimei: Wale mashoga wanaiba vigae mchezoni. Kila mtu anajua.

Wanjung: [Analia na kucheka] Mama, je, uta—

Bi Kuimei: Hapana! Usiniulize sasa hivi, niko kwenye taa, nikilia kwenye helmeti sioni njia. Umefika wapi huko, wameita?

Wanjung: Bado mmoja mbele yetu. Niko mlangoni, nakuona... hapana, huyo si wewe.

Bi Kuimei: Mimi ni wa koti la maua. Mpanguse Ningning mdomo, najua ana makombo. Na akiulizwa anakaa na nani, aseme kwa sauti.

Wanjung: Aseme nani?

Bi Kuimei: Ndo uniulize nikifika. Uso kwa uso, kama watu. Haya, kijani! Nakata!