Mwalimu Esnath Aliyetufundisha Kutoa Pumzi

Tarehe 30 Juni 1998 Mwalimu Esnath Mwambungu atakabidhi funguo za darasa la anatomia baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwa mkufunzi katika chuo chetu cha uuguzi hapa Tukuyu. Wenzake tumeombwa maneno machache kwa ajili ya programu ya sherehe. Yeye mwenyewe hapendi kazi ya kulipua, kwa hiyo wasomaji watuvumilie.

Alizaliwa Kisondela na kuanza kazi katika wodi ya watoto. Kwa mvua na baridi za huku, wodi hiyo haijawahi kukosa vifua vinavyokoroma, na hapo ndipo mapafu yalipomteka. Alipohamishiwa chuoni, mengine yote aliyafundisha kwa wajibu, ila mapafu aliyafundisha kwa mapenzi. Miaka ile ya shida, sabuni ikipatikana kwa foleni, kielelezo chetu cha plastiki kilipoteza pafu la kushoto na hakuna aliyejua jingine litaagizwa wapi. Mwalimu akawa anatumia mapafu ya ng'ombe kutoka bucha moja la Ibighi. Somo likiisha, wanafunzi walijua mboga ya jioni ni nini.

Jioni alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Zoezi lake lilijulikana mji mzima: waimbaji wajaze kifua, wabane pumzi, naye atembee taratibu kutoka madhabahuni hadi mlangoni na kurudi. Aliyeachia njiani alichekwa hadi Jumapili. Bingwa alikuwa Lugano Mwakibete, mwimbaji wa besi na fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Kuna siku Mwalimu alisimama mlangoni makusudi akasalimiana na wapita njia. Lugano macho yalimtoka, lakini hakuachia.

Kiwanda kilipobinafsishwa, Lugano alipunguzwa kazi, akabaki na mkewe Veronika na watoto watatu. Wakati huohuo kampuni ya kuuza nje samaki wa mapambo ilifika Matema, ikitafuta wazamiaji wa kuwakamata samaki hao Ziwa Nyasa kwa kutumia mitungi ya hewa. Kuogelea Lugano alikujua, maana alilelewa kwa wajomba zake Kyela. Kilichomtisha ni mtihani wa nadharia, wa Kiingereza, uliojaa maneno ya kitabibu: trakea, bronkioli, alveoli, pleura, emboli. Akaja chuoni na kijitabu chake kwa mwalimu wake wa kwaya.

Mwalimu alimfundisha kila jioni bila malipo. Haukupita muda Lugano akawa anazitaja sehemu za mapafu vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wetu, ambao hatutawataja kwa sababu wengine tumeshaajiriwa hapahapa. Alikwenda kwenye mtihani kifua mbele, akafeli.

Aliangushwa na swali moja ambalo msimamizi alisema halisameheki: hewa ikikuishia chini, utapandaje juu? Lugano alijibu kwamba mzamiaji abane pumzi na apande haraka. Alipewa nafasi moja tu ya kurudia. Mwalimu alipomuuliza jibu lile kalitoa wapi, alisema kwa heshima zote, "Kwako, Mwalimu. Kule kwaya."

Tulimwona Mwalimu Esnath akikaa chini. Kadiri mzamiaji anavyopanda, mgandamizo wa maji hupungua na hewa iliyo kifuani hutanuka. Akiibana, alveoli, yaani vile vifuko vidogo vya hewa, hupasuka, na hewa inaweza kuingia kwenye damu ikamuua. Mwalimu alikuwa amempa majina yote bila kumwambia kinachotokea huko chini, na juu ya hapo alikuwa amemzoesha kwa miaka jambo lenyewe la kumuua. Aliogopa, wala hakuficha.

Kesho yake alifunga koo la mapafu ya ng'ombe kwenye mpira wa pampu ya baiskeli, akajaza upepo mbele ya Lugano na darasa zima. Yakavimba, yakang'aa, yakapasuka. Mkuu wa chuo, Ndugu Erasto, aliyekuwa amechungulia kuuliza kelele ni za nini, ilimbidi arudi nyumbani kubadili shati. Mapafu ya pili hakuyafunga koo, ili hewa ipate pa kutokea. Alipampu mpaka mkono ukachoka, nayo yakabaki mazima.

Kuanzia siku hiyo, popote alipokutana na Lugano, hata sokoni, alinyoosha kidole juu, maana yake panda, na Lugano alitakiwa atoe sauti moja ndefu ya besi mpaka kifua kiwe kitupu. Watu wa Ibighi walidhani kupunguzwa kazi kumemwathiri. Alirudia mtihani, akafaulu, akaajiriwa. Zoezi la kubana pumzi likafutwa kwenye kwaya, na Mwalimu aliwaeleza waimbaji sababu bila kujitetea.

Mwaka jana, mbali na ufukwe wa Matema, mpira wa mtungi wa Lugano ulichomoka akiwa chini kabisa. Anasema mwili wote ulitaka kuibana ile hewa ya mwisho. Aliachia sauti, akapanda akiimba noti moja, akishangaa kwamba kila alipodhani hewa imekwisha, nyingine ilikuwepo. Alipoibuka alikuwa bado anaimba, na wenzake kwenye boti wakageuka.

Alipofika Tukuyu, Mwalimu hakutaka masimulizi. Alimvua shati, akaweka kipimo kifuani, kushoto na kulia, kisha mgongoni, akasikiliza muda mrefu. Halafu akasema, "Yanapumua yote," akalia. Veronika, aliyekuwa mlangoni, alimshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mama."

Mwalimu, unakwenda kwenye migomba yako Suma. Tunakushukuru kwa yote uliyotufundisha, na zaidi kwa kukubali kufundisha upya ulipoona umekosea. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasumbufu kiasi.

Lugano ameomba radhi kwamba hatahudhuria sherehe, kwa kuwa siku hiyo atakuwa kazini, chini ya maji. Veronika atakuja peke yake, na amesema hana wasiwasi.