Mia kwa Mia Bila Watoto Kumi na Mmoja: Risala ya Wazazi na Walezi wa Shule ya Msingi Itumbalwe

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu wa wilaya, uliyeacha shughuli zako Tukuyu mjini ukapanda mpaka kwetu na mvua hii. Viongozi wa kata na kijiji. Mwalimu Mkuu na walimu wako. Wazazi wenzetu, na ninyi wanafunzi mliosimama hapo tangu saa mbili: tunawasalimu.

UKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa heshima zote. Ndizi zimepikwa na maziwa yapo. Umekuja kutukabidhi cheti cha shule iliyofaulisha mia kwa mia mtihani wa darasa la saba. Tulitakiwa tuandike risala ya furaha. Tulikaa vikao vitatu, ikatushinda. Hii unayosomewa ndiyo iliyotoka. Tunaomba uisikilize mpaka mwisho, maana imeandikwa na watu wenye hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yetu wenyewe.

HISTORIA FUPI

Shule hii ilianza na vyumba viwili, kwa matofali ambayo wazazi wetu waliyabeba kichwani. Hayo yameandikwa kwenye risala zote zilizopita, hatutayarudia. Historia tunayotaka uijue ni ya kobe.

Katika kata yetu, matokeo yakitoka, shule iliyoshika mkia hukabidhiwa kobe wa kuchongwa kwa mti. Hukaa juu ya meza ya Mwalimu Mkuu mwaka mzima, kila anayeingia amwone. Miaka mitatu iliyopita alikuja kwetu. Aliyetumwa kumchukua ni Mwalimu Idrisa, mwalimu wetu wa taaluma. Alirudi amempakata kwenye bodaboda, na vijana wa sokoni wakampigia kelele: "Mwalimu, huyo ndiye kaongoza darasa?" Tulicheka na sisi.

Kwenye mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akasema, "Mwe! Huyu mnyama ataondoka lini?" Tukapiga makofi. Tukaazimia kwamba aondoke. Hakuna aliyeuliza ataondokaje. Muhtasari wa kikao upo, na sahihi zetu zipo.

MAFANIKIO

Kobe ameondoka. Mwaka jana watahiniwa wetu walikuwa thelathini na wanane, na wote wamefaulu. Walisoma kwa bidii, hatuwanyang'anyi ushindi wao.

Lakini darasa lao, lilipokuwa la sita, lilikuwa na watoto arobaini na tisa.

CHANGAMOTO

Tuna upungufu wa madawati na matundu ya vyoo, kama shule nyingine. Leo tunakuletea jambo moja tu, nalo ni la mama mmoja na mwanawe.

Esnath Ambwene analima ndizi na chai kidogo. Kusoma kwake ni kwa shida. Anatambua tarakimu na jina lake. Mwanawe, Tumpe, alipofika darasa la sita, Esnath aliitwa ofisini. Mwalimu Idrisa alikuwa na orodha ya majaribio ya kila Ijumaa.

"Mama Tumpe, huyu mtoto arudie darasa. Tukimpeleka la saba atatuangusha."

"Atawaangusha nani, Mwalimu?"

"Shule. Wastani. Mnataka kobe arudi?"

Esnath hakutaka kobe arudi. Alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Aliwekewa karatasi inayosema mzazi ameomba mwenyewe mwanawe arudie darasa, akaandika jina lake pole pole, na Mwalimu akamshukuru. Wazazi wengine kumi walisaini karatasi kama hiyo juma lile lile. Mwaka uliofuata wakaitwa tena, wakasaini tena. Mwaka huu Tumpe yuko darasa la sita kwa mara ya tatu, pamoja na wenzake sita. Wanne waliobaki wameacha shule. Mmoja wao anabeba magunia ya viazi Isongole.

Nyumbani, Esnath alikuwa na jambo lisilomwingia akilini. Tumpe alimsomea Biblia jioni bila kukwama. Alimsomea maelekezo ya mbolea. Sasa shuleni anafeli nini? Alimwuliza mwanawe mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Mtoto alijibu, "Labda mimi ni mjinga, mama." Esnath alitoka nje akasimama migombani mpaka machozi yakakauka, ndipo akarudi kupika.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana alizitoa karatasi zote za mitihani alizokuwa ameziweka chini ya godoro. Zilikuwa ishirini na sita. Kwa kuwa hakuweza kuyasoma maswali, alizipanga kwa namna karatasi zenyewe zilivyo. Zile laini, zilizochapwa, za mitihani ya kata, upande mmoja. Zile zilizochanwa kwenye daftari upande wa pili. Kisha akaangalia namba nyekundu. Karatasi laini zilikuwa tisa, na hakuna iliyokuwa chini ya sitini na tano. Za daftari zilikuwa kumi na saba, na hakuna iliyofika thelathini.

"Hizi za daftari mnafanyaje?" alimwuliza.

"Mwalimu anaandika maswali ubaoni, sisi tunanakili."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Nyuma kabisa. Warefu wote tunakaa nyuma."

Mgeni rasmi, tunaomba utulie hapo kidogo. Hapa watoto hukalishwa kwa urefu. Kila aliporudia darasa, Tumpe aliwazidi wenzake kimo, na kila alipowazidi alisogezwa nyuma zaidi, mbali zaidi na ubao asiouona. Adhabu ndiyo iliyozidisha kosa. Miaka miwili majibu yalikuwa ndani ya karatasi zile, kwa wino mwekundu, na watu wote waliosoma walijumlisha tu. Aliyeyaona ni mama asiyejua kusoma, sakafuni kwake.

Esnath alimpeleka mwanawe hospitali ya Igogwe. Macho yalipimwa, miwani ikapatikana. Siku ya kwanza ya kuivaa darasani, Tumpe alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Kumbe Mwalimu Idrisa ana mvi!" Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Juma lililofuata Esnath alikwenda ofisini na karatasi zake ishirini na sita. Mwalimu Idrisa alizitazama moja moja.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini orodha ya la saba imeshapangwa. Akifeli mmoja tu, mia kwa mia imekwenda."

"Hata sasa?"

"Hata sasa, mama. Mimi ndiye niliyembeba yule kobe."

Hatumchukii Mwalimu Idrisa. Tulimtazama akipita sokoni na kobe mapajani, na tulicheka. Lakini tumekasirika, Mgeni rasmi, na hatutalipunguza neno hilo. Tumekasirika kwamba watoto wamefichwa ili namba ipendeze. Tumekasirika kwamba sahihi zetu ndizo zilizotumika kuwafichia. Tumekasirika kwamba wanne wameondoka, na cheti chako hakina mahali pa kuandika majina yao.

OMBI

Hatuombi mitihani ifutwe. Bila karatasi zile zilizochapwa, Esnath asingegundua kitu. Kwenye kikao chetu cha mwisho alisema maneno haya, nasi tunayaweka kama alivyoyasema:

"Tumpe akiwa mchanga nilimpeleka kliniki, akawa mwepesi kwenye mizani. Nesi hakuniambia nisimlete tena ili kliniki yake ionekane ina watoto wanene. Aliniambia nimpe uji wa ulezi, na nimrudishe mapema kuliko wenzake."

Mtihani nao tunautaka uwe hivyo: umwonyeshe mwalimu nani asaidiwe na katika nini. Usitumike kuamua nani aondolewe mezani wageni wakija.

Usajili wa watahiniwa wa darasa la saba unafungwa Ijumaa, na orodha inasainiwa na wewe. Tunaomba watoto saba walio darasa la sita kwa mara ya tatu waandikwe leo. Wale wanne tutawafuata sisi wenyewe huko waliko. Tunaomba wakirudi wapokelewe. Majina yote kumi na moja tumeyaambatanisha. Wakifeli, wafeli wakiwa wamehesabiwa, na kobe akirudi tutampokea sisi wazazi, tumbebe kwa zamu, tupite naye sokoni mchana kweupe. Cheti tunaomba ukae nacho kwanza.

Tuliambiwa risala isomwe na mmoja wa watoto waliofaulu. Tulikataa. Mgeni rasmi, binti huyu mwenye miwani aliyesimama mbele yako, aliyekusomea kurasa hizi zote tangu salamu, ndiye Tumpe. Hajafanya mazoezi, tulimkabidhi karatasi asubuhi hii. Umemsikia kwa masikio yako. Kalamu iko mezani, pembeni ya maua.

Mungu akulinde njiani na utelezi huu, akupe afya, na aupe mkono wako wepesi kabla hujaondoka.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Shule ya Msingi Itumbalwe, Rungwe.