Bahati ya Maricruz

Basi la kwenda mji wa Guanajuato, Meksiko, lilipoanza kuteremka mlima, Bi Eulalia aliacha kumenya chungwa ili awasikie vizuri mke na mume waliokaa mbele yake, wakienda huko kusherehekea Siku ya Wapendanao.

"Kwenye Kichochoro cha Busu tusimame ngazi ya tatu, ile nyekundu," mume alisema. "Ukibusu pale unapata bahati miaka saba."

"Si ulisema hujawahi kufika?"

"Mara moja tu, na Maricruz, kabla sijakujua. Miaka sita sasa."

Mke akahesabu kwa vidole. "Kumbe hii bahati tunayoishi nayo ni ya Maricruz."

Eulalia, aliyewahi kubusiwa pale na wanaume wawili mwaka mmoja, akageukia dirisha.

Basi likasimama.

"Shuka peke yako," mke alisema. "Mimi nitakuja mwakani, ya Maricruz ikishaisha."